Gemu la kamba na ndoano: wachezaji wanatumia upanga tu, kamba hawaigusi. Nikate nini?

kidole_kimoja

Habari za humu wakuu.

Natengeneza gemu la 2D la simu kwa Godot 4 (programu ya kutengenezea gemu). Skrini ya ndani ni pikseli 640 kwa 360, vigae ni vya pikseli 16. Wazo la mwanzo lilikuwa moja: mhusika anarusha ndoano, ndoano inashika pete iliyo juu, anabembea, anaachia, anapaa hadi pete inayofuata. Yote kwa kidole kimoja: ukibonyeza inashika, ukiinua kidole inaachia. Kukimbia anakimbia mwenyewe.

Hadi sasa ndani kuna kamba, kuruka, kuruka mara ya pili ukiwa hewani, upanga, maadui aina 6, sarafu, duka la kuongeza urefu wa kamba na makali ya upanga, na leveli 12. Kila kitu kinafanya kazi. Tatizo ni kwamba kila anayejaribu anaruka mara mbili, anakata maadui, anafika mwisho. Kamba anaigusa pale tu penye shimo pana kabisa, na hapo anaanguka mara nne au tano kisha anaweka simu chini. Wote wanasema "kamba ngumu".

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nikate nini na nibakize nini? Kamba yenyewe nairekebisha vipi mpaka iwe tamu? (Mvutano wa kumshusha chini, yaani gravity, kwa sasa ni 1200, ndoano inafika pikseli 220, na ikishashika urefu wa kamba huwa 150 hivi.) Na leveli 12 zilizopo nizifanyeje?

---

fundi_wa_leveli

Mkuu, mchezaji huchukua njia inayomgharimu kidogo, hata kama si ile uliyoitengenezea gemu. Kamba yako inashindana na zana mbili zilizo rahisi kuliko yenyewe, ndiyo maana inakaa bila kazi.

Chukua karatasi. Kushoto andika kila kikwazo kilichomo kwenye leveli zako: shimo dogo, shimo pana, ukuta, adui wa chini, adui wa hewani, miiba, sarafu iliyo juu. Mbele ya kila kikwazo andika njia zote za kukipita. Kisha mbele ya kila njia andika kosa moja linamgharimu mchezaji nini. Kwa maelezo yako mwenyewe, kuruka mara mbili kunapita shimo dogo, ukuta, adui wa chini na sarafu, na ukikosea unatua ulipokuwa. Kamba inapita shimo pana peke yake, na ukikosea unakufa. Yaani umempa mtu kitendo kimoja cha bure kinachofungua karibu kila mlango, na kingine cha hatari kinachofungua mlango mmoja. Mtu mwenye akili timamu atachagua cha bure.

Kwa hiyo kuruka mara ya pili kuondoke leo, kabla ya kitu kingine chochote. Upanga ufuate. Duka lifungwe mpaka leveli ziwe zimetulia. Usifute msimbo (code), weka kwenye tawi lingine la Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), ila kwenye gemu unalojaribisha visionekane.

Bionic Commando ya Capcom, ile ya NES (mashine ya gemu ya Nintendo) ya mwaka 1988, ilifanya hivyo bila huruma: mhusika ana mkono wa kujivuta na kubembea, na kuruka hawezi kabisa. Hata kikwazo kifupi cha kufika magotini unakipita kwa mkono. Mchezaji anahangaika mwanzoni, lakini baada ya leveli ya kwanza mkono umeshakuwa miguu yake. VVVVVV ya Terry Cavanagh (2010) nayo haina kuruka: unageuza mvutano, unaangukia dari, basi. Gemu zima limetoka kwenye kitufe kimoja.

Ila kuondoa ni nusu ya kazi. Kazi zilizokuwa za upanga na kuruka zinatakiwa zihamie kwenye kamba. Angalia Downwell (2015): viatu vinavyofyatua risasi kwenda chini ndiyo silaha, ndiyo breki ya kupunguza kasi ya kuanguka, na risasi zinajaa tena ukitua au ukimkanyaga adui. Kitendo kimoja, kazi tatu, na kila kazi inaivuta nyingine. Kwako wewe: adui auawe kwa kugongwa na mhusika anayebembea kwa kasi ya kutosha, tuseme zaidi ya pikseli 350 kwa sekunde. Chini ya hapo, anayeumia ni mhusika. Papo hapo kubembea vizuri kumekuwa usafiri na silaha, na upanga hauna tena sababu ya kuwepo.

---

namba_kwanza

Naongezea upande wa hesabu, maana "kamba ngumu" mara nyingi ni namba. Watu wako huenda hawana kosa lolote.

Muda wa bembea kwenda na kurudi ni 2π mara kipeuo cha pili cha (urefu ÷ mvutano). Kwako: 150 ÷ 1200 = 0.125, kipeuo chake 0.354, mara 6.283 unapata sekunde 2.2. Nusu bembea, kutoka nyuma hadi mbele, ni sekunde 1.1, na ukianzia pembe kubwa ya digrii 60 kutoka wima inaongezeka kwa kama asilimia 7. Huo mwendo ni mzuri kwa simu. Mtu anapata muda wa kuona na kuamua. Ukipita sekunde 1.5 anachoka kusubiri, ukishuka chini ya 0.7 anaachia kwa kubahatisha. Kwa hiyo mvutano na urefu usiviguse kwanza.

Tatizo lako liko kwenye kuachia. Bembea ya kweli, isiyoongezewa chochote, inatupa karibu sana. Ukianzia digrii 60 na kuachia upande wa pili, umbali utakaopaa hadi urudi kwenye kimo ulichoachilia ni huu:

- ukiachia kwa digrii 15: kasi 410, unapaa pikseli 70
- ukiachia kwa digrii 30: kasi 363, unapaa pikseli 95
- ukiachia kwa digrii 45: kasi 273, unapaa pikseli 62

Ukiachia chini kabisa, pale kasi inapofika 424, hupandi hata pikseli moja, unaanza kushuka hapo hapo. Na ndipo mgeni anapoachia, kwa sababu macho yake yanamwambia "hapa ndipo penye kasi". Au anasubiri mpaka juu kabisa, kasi imeisha, anadondoka wima. Pembe bora ni karibu 30, na hata hapo anapata vigae 6 tu. Fizikia ya kweli inamwadhibu mtu aliyefanya sawasawa.

Dawa ni kudanganya kwa kiasi:

1. Wakati wa kuachia, zidisha kasi kwa 1.2. Kwa digrii 30 umbali unatoka 95 hadi 137.
2. Ikiwa mhusika yuko kati ya digrii 0 na 20 kuelekea mbele, pindisha kasi yake ielekee juu kwa digrii 20 bila kubadilisha ukubwa wake. Aliyewahi kidogo anaokolewa, na hataona kwamba ameokolewa.
3. Weka kikomo cha kasi, 600 kwa mfano. Bila kikomo, ile 1.2 inazidishwa kila anapoachia, na baada ya pete nne mfululizo mhusika anatoka nje ya skrini kabla kamera haijamfikia.

Na ndoano isisafiri polepole. Kutoka kubonyeza hadi kushika isizidi fremu 4 za sekunde 1/60, yaani kama sekunde 0.07. Chora kamba kwenye fremu ile ile kidole kilipogusa hata kama kushika kwenyewe kunakuja fremu ya nne. Ndoano inayochukua sekunde 0.3 kufika inapendeza kwenye video, mkononi inakera.

---

kidole_kimoja

Asanteni sana, hesabu ya pembe sikuwahi kuifikiria. Maswali mawili. Kamba yangu nimeitengeneza kwa vipande 12 vya RigidBody2D (vitu vinavyosukumwa na fizikia ya Godot) vilivyounganishwa kwa PinJoint2D (kiungo kama bawaba), na kwa kasi kubwa inavutika kama mpira, wakati mwingine inatetemeka mhusika akiwa ametulia. Namba hizi zitafanya kazi hapo? Na nikiondoa kuruka kabisa, akiwa chini kwenye kigae kimoja kilichoinuka atapitaje?

---

namba_kwanza

Hazitafanya kazi. Mnyororo wa vipande unategemea kisuluhishi cha fizikia kupatanisha viungo 12 kwa kila hatua, na kwa kasi kubwa hakimalizi kupatanisha, ndiyo maana unauona ukivutika. Urefu wa kamba ukibadilika wenyewe, kila namba niliyoandika hapo juu inakufa. Mnyororo uache kabisa. Mhusika awe CharacterBody2D (mwili unaousogeza mwenyewe kwa msimbo), kamba iwe mstari tu wa kuchorwa kwa Line2D, na bembea uihesabu kwa pembe:

```
# wakati wa kushika
urefu = umbali kutoka pete hadi mhusika
pembe = pembe ya kamba kutoka wima
kasi_pembe = kasi ya mhusika upande wa mzingo / urefu

# kila hatua ya fizikia, delta = 1/60
kasi_pembe += -(mvutano / urefu) * sin(pembe) * delta
pembe += kasi_pembe * delta
mahali = pete + Vector2(sin(pembe), cos(pembe)) * urefu
```

Mpangilio una maana: kasi_pembe kwanza, halafu kasi hiyo mpya ndiyo isogeze pembe. Ukihesabu zote mbili kwa thamani za zamani, bembea inajiongezea nguvu yenyewe, na baada ya dakika moja mhusika anazunguka pete mzima mzima. Usimsogeze kwa kuandika `position` moja kwa moja, atapenya ukuta. Chukua tofauti kati ya `mahali` na alipo sasa, mpe `move_and_collide`, inayomsogeza na kumsimamisha akigonga kitu. Akigonga kitu, geuza kasi_pembe kwa kuizidisha kwa -0.3, kisha ihesabu pembe upya kutoka alipobaki.

Kuna mtego mmoja wakati wa kushika. Fomula inachukua kasi ya upande wa mzingo tu, yaani ile inayofuata duara la bembea. Mhusika anayeanguka wima akiwa chini ya pete moja kwa moja, kasi yake yote iko kwenye mwelekeo wa kamba, kwa hiyo inafutwa na anasimama kama aliyepigwa ubao. Weka kiwango cha chini: kasi ya mzingo isipungue asilimia 70 ya kasi yake yote kabla ya kushika, kuelekea anakotazama. Anguko linageuka kuwa mbio. Hii ni raha kubwa mno ya gemu za kamba na watu wengi wanaiacha mezani.

Yote hayo yakae kwenye `_physics_process` (inayoitwa kwa kila hatua ya fizikia), kamwe si `_process` (inayoitwa kwa kila fremu ya skrini). Simu ya bei nafuu ikishuka hadi fremu 30, hatua za fizikia zitaendelea kuwa 60 kwa sekunde na umbali hautabadilika. Kwa simu za skrini ya hezi 90 au 120 utaona mhusika akirukaruka kidogo. Tumia Godot 4.3 au zaidi na uwashe ulainishaji wa fizikia ya 2D (Physics Interpolation) kwenye mipangilio ya mradi.

---

pete_na_kidole

Kwenye kuruka sikubaliani na fundi asilimia mia. Bionic Commando inachezwa kwa kidhibiti chenye vitufe, na mkono ule unashika karibu dari yoyote. Hapa ni kidole kimoja na pete za kuhesabika. Mtu akibonyeza mahali pasipo na pete na kisitokee kitu, atadhani simu imeganda. Mimi ningebakiza mruko mdogo sana: akiwa chini na hakuna pete iliyo karibu, kubonyeza kunamrusha pikseli 20 tu. Kwa mvutano wa 1200 hiyo ni kasi ya 219 ya kwenda juu, hewani sekunde 0.37 jumla. Anapita kigae kimoja, hapiti viwili. Hakuna leveli inayovunjika kwa hilo, na swali lako la kigae kilichoinuka limejibiwa. Hewani kubonyeza bila pete kusifanye kitu chochote isipokuwa sauti ndogo na kamba fupi inayorudi, ili ajue kidole kimesikika.

Pete ikiwa ndani ya umbali, kushika kunatangulia siku zote, hata akiwa chini.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeligusa: gemu linachaguaje pete? Kwenye simu mtu halengi, anabonyeza. Nadhani nusu ya "kamba ngumu" iko hapa. Fanya hivi kila hatua:

Chukua pete zote zilizo ndani ya pikseli 220. Tupa zilizo chini ya mhusika na zilizofichwa na ukuta. Zilizobaki zipe alama: umbali, jumlisha pikseli 2 kwa kila digrii inayotofautiana na mwelekeo wa digrii 45 juu na mbele. Yenye alama ndogo inashinda. Iwashe, yaani duara linalong'aa kuizunguka, kabla hajabonyeza, ili ajue atakwenda wapi. Na usiibadilishe mpaka nyingine iwe bora kwa asilimia 15, vinginevyo taa itahama kati ya pete mbili mara kumi kwa sekunde na mtu atashika asiyoitaka.

Pete aliyotoka kuiachia ifungwe kwa sekunde 0.4. Bila hivyo atabonyeza mapema na kurudi nyuma alikotoka, na hilo linaudhi kuliko kufa.

Halafu kuna hisani za muda. Akibonyeza na pete bado iko pikseli chache nje ya 220, usimtupe. Maadamu kidole bado kiko chini, endelea kutafuta, na pete ya kwanza kuingia umbali ishikwe. Na pete iliyotoka nje ya umbali ndani ya sekunde 0.1 zilizopita ihesabike bado ipo. Celeste (2018), ambayo msimbo wa mhusika wake uliwekwa wazi na waundaji, ina kitu cha namna hiyo kwenye kuruka: ukishatoka ukingoni unaruhusiwa kuruka kwa sekunde 0.1 zaidi, na ukigonga kona ya dari kichwa kinasogezwa pembeni hadi pikseli 4 ili upite. Gemu lile linasifiwa kwa ugumu, na ndani yake limejaa huruma ya aina hiyo. Kona za vigae vyako zipe huruma hiyo hiyo, kwa sababu anayebembea hugonga kona mara nyingi kuliko anayeruka.

---

fundi_wa_leveli

Mruko wa pikseli 20 naukubali, haushindani na kamba.

Turudi kwenye leveli. Kabla ya kugusa hata moja kati ya zile 12, tengeneza chumba kitupu. Mraba wa kijivu ndiye mhusika, pete 3, sakafu, kuta. Hakuna muziki, sarafu wala adui. Mpe mtu simu na usimwambie kitu. Akiendelea kubembea dakika mbili bila kuwa na pa kwenda, kitendo kimeiva. Akisimama baada ya sekunde 20 na kuuliza "sasa nifanye nini", rudi kwenye namba, usiongeze leveli. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, kisha watu wanajaza maadui na duka wakitumaini vitaleta ladha ambayo kitendo chenyewe hakina.

Chumba kikishapita, pima umbali wa pete kwa namba ulizonazo. Kwa kamba ya 150, kuachia digrii 30 na ile 1.2, nimehesabu pete mbili zilizo kimo kimoja:

- pikseli 270 kati yao: mchezaji wa kawaida anashika juu kabisa ya mpao wake, raha
- pikseli 340: inabidi asubiri hadi ameanza kushuka, ni mtihani
- zaidi ya 400: haifikiki, hata kwa aliye bora

Ziandike ukutani. Leveli zako 12 zilipimwa kwa kuruka mara mbili, kwa hiyo hazitengenezeki, zianze upya. Inauma lakini ni kazi ya siku chache, na kuzibandika viraka kutakula miezi. Kamera itangulie mhusika kwa pikseli 100 ili pete ya 340 ionekane mapema. Pete zikae nusu ya juu ya skrini, kwa sababu kidole gumba kinafunika pembe ya chini.

Kuhusu kufundisha, angalia Portal (2007) inavyompa mchezaji bunduki yake, inayofungua milango ukutani: unaingia mmoja, unatokea mwingine. Vyumba vya mwanzo milango imeshawekwa na huigusi, unapita tu na kuelewa mlango ni nini. Baadaye unapewa bunduki inayotoa mlango mmoja, wa bluu. Wa rangi ya chungwa unakuja vyumba vingi mbele. Kitendo kimoja kimegawanywa vipande na kila kipande kimepewa chumba chake.

Kwako ningegawa hivi. Leveli ya 1: mhusika anaanza akiwa tayari ananing'inia kwenye pete, kidole chochote kikigusa na kuinuka anaachia na kutua kwenye sakafu pana. Hawezi kufa. Amejifunza kuachia kabla ya kushika, na kuachia ndiko kugumu. Leveli ya 2: pete moja juu ya shimo lisilo na miiba, lenye ngazi ya kutokea, kisha pete hiyo hiyo juu ya miiba. Leveli ya 3: pete mbili kwa 270, mara tatu, kila mara chini pana hatari zaidi kidogo. Sarafu zipange kwenye mkunjo wa mpao sahihi wa digrii 30. Mtu akifuata sarafu mkono wake unajifunza pembe bila maandishi hata neno moja. Leveli ya 4 ndiyo ya kwanza yenye adui, na amekaa chini kabisa ya bembea, pale kasi inapopita 350, ili mchezaji amuue bila kukusudia na kushangaa. Ya 5: adui huyo huyo amehamishiwa juu, mahali kasi ni ndogo, kwa hiyo sasa inabidi apangilie.

Baada ya hapo usilete kitendo kipya, badilisha pete. Pete inayosogea kwenye reli. Pete inayovunjika ikishikwa kwa sekunde 1.5, ambayo inamtosha mtu nusu bembea moja na kidogo tu. Adui mwenye pete mgongoni. Kila aina iingie peke yake mahali salama, ijaribiwe mahali pa hatari, halafu ichanganywe na moja ya zamani. Aina tatu zinatosha leveli 12. Aina sita za maadui ulizonazo zirudi mbili.

---

namba_kwanza

Duka la kurefusha kamba usilirudishe hata baadaye. Jedwali la 270, 340 na 400 limetokana na ndoano ya 220. Mtu akinunua ya 300, pete za 340 zinakuwa mchezo wa kitoto na ataanza kuruka pete nzima bila kuzigusa, na ambaye hajanunua atakwama. Itabidi upime kila leveli kwa kila urefu. Ukitaka sarafu ziwe na kazi, zinunue rangi za kamba na mavazi.

---

pete_na_kidole

La mwisho kutoka kwangu, namna ya kujaribisha. Watu watano ambao hawajaliona gemu wanatosha kwa duru moja. Andika kwenye faili kila kubonyeza: muda, mahali, pete iliyochaguliwa, na pembe wakati wa kuachia. Andika pia kila kifo na pete iliyotangulia kifo hicho. Wewe kaa kimya. Ukisema "bonyeza hapo" hata mara moja, mtu huyo mtoe kwenye hesabu.

Ukisoma faili tafuta vitu vitatu. Pembe za kuachia zikikusanyika karibu na 0 hadi leveli ya 3, ongeza ile pindo ya kwenda juu kutoka digrii 20 hadi 25. Vifo vikikusanyika kwenye pete moja, pima umbali wake kabla ya kumlaumu mchezaji. Mara nyingi utakuta 340 mahali ulipodhani ni 270, kwa sababu pete ya pili iko juu kidogo, na kila kigae kimoja cha kupanda kinakula umbali. Na ikiwa mtu amebonyeza hewani pasipo pete zaidi ya mara tatu mfululizo, taa ya kuchagua pete haionekani vizuri kwenye rangi za nyuma. Ijaribu juani, nje, mwanga wa skrini ukiwa nusu.

---

kidole_kimoja

Nimeelewa. Tawi jipya: kuruka mara ya pili, upanga na duka nje. Mnyororo wa vipande nje, bembea kwa pembe ndani, na mruko wa 20. Chumba cha pete 3 kwanza. Swali dogo la mwisho kwa namba_kwanza: kwenye chumba hicho nianze na 1.2 au nianze bila nyongeza nione tofauti?

---

namba_kwanza

Anza na 1.4, ambayo dhahiri imezidi, halafu shuka kwa 0.05 kila mara mpaka mtu aseme kamba imekuwa nzito. Hapo panda hatua moja. Ukianzia chini na kupanda utasimama mapema, kwa sababu kila ongezeko dogo litaonekana limetosha. Ukiishia mbali na 1.2, hesabu upya zile 270, 340 na 400 kabla hujaweka pete ya kwanza kwenye leveli.